Wana Kawekamo, kwa nini Kirumba tunasubiri bao ndipo tuimbe?

Binti wa Mwaloni

Mwadila, wana Lindanda, wana Kawekamo wenzangu, mashabiki wote wa Pamba Jiji ya Mwanza. Nina jambo limenikaa kifuani tangu msimu ule wa kwanza wa kurudi Ligi Kuu. Sokoni nimelisema mpaka wenzangu wa meza za jirani wamelikariri, kwa hiyo nalileta huku nipate na mawazo ya wengine.

Mimi nauza dagaa na kayabo hapo soko la Mwaloni. Kutoka mezani kwangu hadi uwanja wetu wa CCM Kirumba ni mguu tu, sihitaji boda. Mechi ikiwa saa kumi, saa nane nafunika mali kwa turubai, namwachia jirani ufunguo wa stoo, nanawa mikono kwa ndimu, navaa jezi juu ya kitenge, naondoka. Nakaa mzunguko, majukwaa ya watu wa kawaida, upande ambao jua la jioni linakupiga usoni na upepo wa ziwa ukianza unakupooza. Nimekaa hapo tangu nabebwa mabegani. Marehemu baba alikuwa fundi mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kwa mtu wa kazi ile kuipenda timu hii halikuwa jambo la kuchagua. Jina la timu ndilo lililokuwa kwenye magunia, na magunia ndiyo yaliyotulipia ada.

Tuliposhuka daraja mwaka 2001 baba hakusema kitu. Alikunja bendera yake akaiweka chini ya godoro, ikakaa humo miaka. Alifariki kabla hatujarudi. Aprili 2024, siku tulipowafunga timu ya Mbuni 3-1 kule Arusha na kupanda, niliitoa ile bendera, nikaitandika juu ya meza ya dagaa, nikalia mbele ya wateja. Miaka 23! Naandika haya ili mjue sizungumzi kama mtu aliyekuja jana.

Sasa swali. Lina pande mbili, ila kwangu mimi ni kitu kimoja.

Upande wa kwanza ni ushambuliaji wetu. Mechi ya kwanza ya msimu ule, 16 Agosti 2024, tuliwakaribisha Tanzania Prisons pale Kirumba, ikaisha 0-0. Nilisema sawa, ni woga wa kurudi. Lakini mchezo wa namna ile niliuona tena na tena. Mpira unatoka vizuri kwa mabeki, unafika kati, unapelekwa pembeni, winga anamtazama beki, anatazama boksi, halafu anarudisha nyuma. Tunaanza upya. Na siyo kwamba hatukuwa na mtu wa kufunga. Tulikuwa na George Mpole, mtu aliyemaliza msimu wa 2021/22 akiwa mfungaji bora wa ligi nzima, mabao 17, akiichezea Geita Gold hapo ng'ambo yetu. Oktoba akaja pia kocha Fred Felix Minziro kuchukua nafasi ya Goran Kopunović, Minziro huyo huyo aliyekuwa naye Geita. Nilisema moyoni, mpishi amekutana na sufuria yake. Mfungaji wa mabao 17 hasahau kufunga. Swali langu ni mara ngapi mpira ulimfikia akiwa ameelekea goli, siyo akiwa ameligeuzia mgongo na beki amemshika kiuno.

Upande wa pili ni sisi. Nimekaa mzunguko nikasikiliza. Dakika za mwanzo tunapiga kelele mpaka simu ikiita huisikii. Robo saa ikipita bila bao, sauti inashuka. Kufika mapumziko namsikia muuza karanga akimhesabia mtu chenji safu tatu chini yangu. Uwanja unaobeba watu 35,000, hata ukiwa haujajaa, unamsikia muuza karanga! Na winga akirudisha mpira nyuma, sote tunaguna kwa pamoja, "aaah." Ile "aaah" yetu ni kubwa kuliko wimbo wowote tulioimba. Mimi nikiwa winga, nikiisikia ile, mpira unaofuata sijaribu kabisa. Naurudisha mapema zaidi.

Sisi Wasukuma tuna bugobogobo. Aliyelelewa kijijini anajua ngoma ile inapigwa wakati gani. Inapigwa shambani, jua linawaka, majembe yako mikononi, tuta bado halijaanza kupanda. Mpigaji hangoji mavuno. Anapiga ili jembe lishuke, na majembe yanashuka kwa pamoja kwa sababu ngoma imetangulia. Kirumba tumegeuza. Tunangoja mavuno ndipo tupige ngoma, halafu tunamlaumu mkulima.

Nauliza kwa dhati: je, ninawaonea mashabiki? Je, ni safu ya mbele ndiyo imetunyamazisha, au sisi ndio tunaoinyamazisha safu ya mbele? Na kama kuna la kufanya, tufanye nini pale mzunguko?

Mwalimu wa Mabatini

Dada, asante kwa kuliandika hili. Nafundisha watoto wa mtaani, tukipata nafasi tunafanyia mazoezi Nyamagana kwenye nyasi bandia, tukikosa tunaenda popote palipo tambarare, na Mwanza hii ya mawe unajua tambarare ni bahati. Nitajibu upande wa mpira kwanza.

Unachokiona kwa winga nakiona, ila naomba usimwangalie winga. Siku nyingine mpira ukifika pembeni, ondoa macho kwenye mpira, tazama boksi. Hesabu jezi. Mara nyingi utakuta yetu moja katikati ya mabeki wao wawili, na kiungo mkabaji wao amesimama mbele yao. Krosi ya hapo ni zawadi ya kipa. Winga mwenye akili haipigi, anarudisha. Sisi tunaguna, lakini yeye ndiye aliyefanya hesabu sawa.

Kosa liko nyuma yake. Namba 10, kiungo mshambuliaji, amekuja kuomba mpira mguuni badala ya kuingia ndani. Winga wa upande wa pili amebaki kwenye chaki, anasubiri mpira ugeuzwe umfuate. Namba 8, kiungo wa kati, yuko katikati ya uwanja, anaogopa kaunta, shambulio la kushtukiza. Kila mmoja ana sababu yake, na ukikusanya sababu zote unampata straika mmoja aliyeachwa peke yake kama mlingoti wa bendera. Hata ungempa mabao 17 ya zamani au 30, hapo hafungi.

Mtazame Jean Charles Ahoua, mfungaji bora wa 2024/25 akiwa Simba, mabao 16. Yule ni kiungo mshambuliaji. Siku wanatupiga 5-1, Mei 2025, yeye peke yake alitupia matatu. Hakuwa anausubiri mpira ndani ya boksi. Alikuwa anafika, akitokea nyuma, wakati mabeki wetu wanamtazama straika. Najua wapo watakaosema kadhaa ya yale 16 ni penalti. Ni kweli. Lakini penalti inazaliwa na miguu mingi ndani ya boksi. Ukiwa na watu wanne mle ndani, beki anachanganyikiwa, mkono unatoka, mguu unachelewa. Ukiwa na mmoja, beki anafanya kazi yake kwa utulivu. Nasi tuliadhibiwa Kirumba na Simba kwa penalti hiyo hiyo, ya Leonel Ateba, Novemba 2024, 1-0. Hebu tujiulize sisi tulipewa ngapi.

Kwa hiyo ombi langu la kiufundi ni moja: mpira ukifika pembeni, wawe watatu ndani na wa nne pale kwenye nusu duara, akisubiri mpira wa pili unaotemwa na mabeki. Mabao mengi ya timu za uwezo wetu yako kwenye mpira wa pili. Anayepiga kichwa cha kwanza mara nyingi ni beki. Anayefunga ni aliyejua kichwa hicho kitaangukia wapi.

Kuhusu kelele, hapo dada nakubaliana nawe nusu. Nina winga wa miaka 15, mguu wa kushoto kama kamba. Mama yake anakuja kila mechi, na kila mtoto akigusa mpira mama anapaza, "Piga!" Mtoto anapiga. Akiwa mbali anapiga, akiwa amebanwa anapiga, mwenzake akiwa peke yake mbele ya goli, anapiga. Nilimfuata yule mama, nikamsalimu kwa heshima, nikamwomba kitu kimoja: apaze sauti wakati wa kona yetu na wakati wapinzani wana mpira, lakini mtoto akiwa na mpira mguuni anyamaze. Alifanya hivyo. Mtoto mechi ile alitoa pasi mbili za mabao, na mama alikuja kunishika mkono huku machozi yanamtoka.

Kirumba ni yule mama, mara elfu kadhaa. Sipingi ngoma. Naomba ngoma ijue wakati.

Mzee wa Igogo

Wanangu, mie nilikuwa kuli Bandari ya Mwanza Kusini na nimekuwa Kirumba tangu uwanja ule ni mpya, miaka ya themanini. Kijukuu changu ndicho kinaniandikia, mie nasema yeye anaandika.

Binti yangu wa Mwaloni, baba yako huenda nilimjua kwa sura, maana watu wa viwanda vya pamba tulikuwa tunakaa nao pamoja. Bendera chini ya godoro, hilo nimelielewa. Yangu ilikuwa ndani ya sanduku la bati.

Lakini nikurekebishe kidogo, mwanangu, maana naona unadhani enzi zetu tuliimba kwa sababu tulikuwa mashabiki bora. Hapana. Tuliimba kwa sababu tulijua bao linakuja. Hatukujua dakika, ila tulijua linakuja. Ukiwa na Kitwana Suleiman, ukiwa na Fumo Felician, ukiwa na Nteze John, unawezaje kunyamaza? Khalfan Ngassa akiwa na mpira, huyu baba yake Mrisho, watu walikuwa wanasimama kabla hajafanya chochote. Nyuma yupo George Masatu, kwa hiyo hata tukipoteza mpira mbele roho haitoki. Kati yupo Hussein Marsha. Sauti yetu ilitokana na imani, na imani waliijenga wao, mechi baada ya mechi, kwa miguu yao.

Mwaka 1990 tulichukua ubingwa wa Muungano. Mwaka huo huo kwenye Kombe la Washindi la Afrika tuliifunga timu ya Shelisheli 12-1. Kumi na mbili. Kijukuu ananitazama kama naongopa. Nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Sasa sikiliza kilichokuwa tofauti. Timu ile ilikuwa ikishambulia kwa wingi. Huyu mwalimu wa Mabatini amesema watatu ndani na mmoja nje, sisi hatukuwa na maneno hayo, ila ndivyo nilivyoona. Mpira ukienda kulia, unawaona wa kushoto wanakimbia kuingia, huwezi kuwahesabu. Beki wa timu ngeni anageuka huku na huku kama mtu aliyeingiliwa na nyuki. Na mashabiki walikuwa wameshazoea ule mtindo, kwa hiyo mpira ukipinduliwa tu kwenda pembeni, mzunguko wote unaanza kupanda sauti, uuuu, kidogo kidogo, mpaka krosi inapigwa. Ile sauti ilikuwa inawaambia wachezaji: kimbieni, ingieni. Haikuwa ya kumwambia mtu piga. Ilikuwa ya kuwaambia wote ingieni.

Kwa hiyo binti, wote wawili mna haki. Bugobogobo inapigwa kabla, ni kweli, mie nimelima kwa ngoma hiyo Magu nikiwa kijana. Ila kumbuka mpiga ngoma anawatazama wakulima miguu na migongo. Akiona wamechoka anapunguza. Akiona tuta limeisha anapandisha. Hapigi tu kwa sababu ana mikono.

Msengerema

Shikamoo mzee wa Igogo. Nimesoma hiyo 12-1 mara tatu.

Mimi nitasema jambo ambalo huenda litawaudhi baadhi yenu, ila nalisema nikiwa ni mtu anayekuja. Natoka Sengerema. Zamani kuja Kirumba ilikuwa unahesabu kivuko. Unafika Busisi mapema, unapanga foleni, unavuka, unatafuta gari Kigongo, na kurudi jioni ndiyo kazi nyingine, unawaza kivuko kuliko unavyowaza matokeo. Mechi nyingi nilitoka dakika ya 75 nikaja kusikia bao redioni. Tangu daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita kama 3 za maji ni dakika chache tu, na sasa nakaa mpaka refa apulize. Nimeona mwisho wa mechi Kirumba baada ya miaka mingi. Kwangu ni kitu kikubwa.

Jambo lenyewe ni hili. Nimezaliwa 1995. Pamba iliposhuka nilikuwa na miaka sita. Nilipoanza kuujua mpira redioni kulikuwa na Simba na kulikuwa na Yanga. Mjomba alikuwa Simba, nikawa Simba. Nikiwa shule ya msingi hakuna mtu darasani aliyekuwa anashindania Pamba, kwa sababu haikuwepo kwenye taarifa ya habari ya michezo. Dada wa Mwaloni, wewe ulirithi bendera. Sisi wa rika langu hatukurithi kitu. Miaka 23 ni kizazi kizima kilichojifunza kupenda timu ya Dar es Salaam kwa sababu ya nyumbani haikuwa hewani.

Siku ile ya penalti ya Ateba nilikuwa Kirumba. Nilivaa nyekundu. Bao lilipoingia nilinyanyuka, nikashangilia, halafu nikamwona mzee mmoja pembeni yangu mwenye jezi ya Pamba ameinamisha kichwa, ameshika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa na umri wa babu yangu. Nikakaa chini. Sikuweza kuendelea. Tangu siku hiyo nimenunua jezi ya Pamba, na nikija Kirumba naivaa, hata akija nani. Sijaacha Simba, nisiwadanganye. Lakini nyumbani ni nyumbani.

Ninachotaka kusema, ile mechi ya Simba na ile ya Yanga ya Februari 2025 tuliyofungwa 3-0, uwanja ulikuwa na kelele kwelikweli. Tatizo ni kwamba kelele zile hazikuwa zetu zote. Watu wa Mwanza wanajua kuimba. Wanaimba nyimbo walizojifunza. Nyimbo za Pamba hawazijui! Mimi mwenyewe sijui hata moja mwanzo mpaka mwisho. Winga wetu hawezi kubebwa na wimbo ambao haujafundishwa kwa mtu. Wazee kama mzee wa Igogo mnazo kichwani. Tufundisheni.

Binti wa Mwaloni

Nimesoma yote nikiwa nageuza dagaa juani, na nimesimama mara mbili kufuta macho.

Msengerema, mdogo wangu, hukuniudhi. Nakwambia ukweli, siku ile ya Ateba mimi nilikuwa na hasira na kila mwenye jezi nyekundu aliyekuwa mzunguko. Niliwaona vijana wa hapa hapa Kirumba, ninaowauzia dagaa, wakiruka. Nilirudi nyumbani nikasema hawa wametusaliti. Sikuwaza hata mara moja kwamba wakati mimi nafundishwa na baba, wao walikuwa hawana wa kuwafundisha, na timu yenyewe haikuwepo kuonekana. Umeniondolea uchungu niliokaa nao muda mrefu. Na yule mzee mwenye kofia, siku ukimwona tena umsalimie.

Mwalimu, mechi iliyopita nilifanya kama ulivyosema. Nilijilazimisha kuacha mpira, nikatazama boksi. Mara ya kwanza: mmoja. Mara ya pili: mmoja na nusu, maana wa pili alifika krosi imeshapita. Mara ya tatu niliwaona watatu, na hata kabla mpira haujapigwa nilijikuta nimesimama. Hakukuwa na bao, kipa wao alipangua ikawa kona. Lakini nilisimama peke yangu safu nzima, na wenzangu wakaniuliza, "Umeona nini?" Nikawaambia hesabuni watu ndani ya boksi. Mara ya nne tulisimama sita. Sikutegemea kwamba kujua pa kutazama kunabadilisha hata unavyosikia mchezo. Ile "aaah" ya winga anaporudisha mpira siku hiyo haikunitoka, kwa sababu niliona kwa nini anarudisha.

Na shikamoo mzee wangu wa Igogo. Hiyo sauti ya "uuuu" inayopanda kidogo kidogo, baba alikuwa anaifanya! Alikuwa akiifanya hata nyumbani akisikiliza redio, na mama akimwambia anaamsha mtoto. Sikujua ilikuwa na kazi. Nilidhani ni ya kwake tu. Ulipoitaja nimemsikia kabisa.

Basi naomba tufanye hivi, na anayeona kosa aseme. Wimbo tuuache kwanza, maana wimbo unahitaji kujifunza. Tuanze na ile sauti, kila mtu anaiweza, wa Simba anaiweza, mtoto anaiweza. Mpira ukipelekwa pembeni, tunaanza chini, tunapanda, mpaka krosi. Wapinzani wakiwa na mpira, ngoma. Mabeki wetu wakiwa wanajenga, tunyamaze wapumue. Hakuna "piga." Hakuna "aaah." Tuanzie pale ninapokaa mimi, mzunguko, karibu na kibendera cha kona upande wa lango linaloelekea Mwaloni.

Mzee wa Igogo

Marahaba, wanangu. Sauti ile isianze juu. Kosa la vijana ni kuanzia juu, halafu krosi inapopigwa pumzi imeisha. Anza kama unaita ng'ombe aliye karibu, malizia kama unamwita aliyevuka mto. Na usikatize mpira ukitolewa. Endelea, maana mpira wa pili bado unakuja, kama alivyosema mwalimu.

Nyimbo ninazo. Nne nazikumbuka vizuri, ya tano nimesahau katikati. Magoti hayanipandishi mzunguko siku hizi, lakini mtu akija Igogo jioni nitaimba, naye arekodi kwenye simu.

Msengerema

Mzee, Jumamosi nakuja Mwanza kununua vipuri vya bodaboda. Nitapita Igogo saa kumi na moja. Nitaleta na samaki wa Sengerema, ingawa najua dada wa Mwaloni atasema wa kwake ni bora.

Ya tano nayo uimbe tu, mzee, hata ukikwama katikati. Huenda kuna mwenzako mwingine anaikumbuka nusu ya pili.

Mwalimu wa Mabatini

Siku ya mechi nitakuja mzunguko na vijana wangu 14. Yule mama wa "piga" amesema anakuja pia, na kaka yake ana ngoma mbili za bugobogobo huko Kisesa, kubwa na ndogo. Kubwa haiingii kwenye bajaji, nimeshapima kwa macho. Kuna mtu mwenye pikapu au guta anayeweza kuipitisha Buzuruga kabla ya saa saba?

Binti wa Mwaloni

Guta lipo. La jirani yangu wa stoo, linabeba magunia ya dagaa asubuhi, mchana liko huru. Nitaliosha mwenyewe. Nitakuwa Buzuruga stendi saa sita na nusu, jezi na kitenge cha kijani, na bendera ya baba nitaifunga kwenye usukani mnione kwa mbali.